Mtoto wa Arobaini

Bondeni, Nakuru
Jumatatu, 3 Mei 1954

Mwanangu Chepkemei,

Salaam zangu zikufikie wewe, Kimutai, mama mkwe wako na mjukuu wangu Chelagat. Sisi huku tu wazima. Kesho au keshokutwa tunaanza kufunga, na wenye maduka wameshapandisha bei ya tende, maana nao wana namna yao ya kumkumbuka Mungu. Barua hii nimempa Naftaly, dereva wa lori lenu la maziwa. Ameapa hataikalia.

Kile chumba mlichopanga kwangu, ambamo nilimpokea Chelagat kwa mikono yangu hii, siku hizi kimejaa watoto. Si wangu. Ni wa akina mama wanaokwenda kuchambua maua ya pareto na wanaofua nguo kwa Wazungu kule juu. Zamani walikuwa wakiwafungia ndani kwa kufuli mpaka jioni. Utamkumbuka Akeyo wa nyumba ya tatu. Mwezi wa pili alimfungia Peterson wake, miaka mitatu, akamwachia uji juu ya jiko ili usipoe. Tulisikia kilio tukavunja mlango. Mkono umepona, lakini vidole viwili vimegandana na havitaachana tena. Tangu siku hiyo nikawaambia wote waniletee watoto wao. Sasa chumba hakitoshi, ua hautoshi, na mimi nina miguu miwili tu, mmoja una baridi yabisi.

Karibu na soko kuna stoo tupu ya halmashauri. Nilikwenda kuiomba iwe nasari ya kulelea watoto. Yule Bwana wa ofisini, kijana mwenye shingo nyekundu, hakunifukuza. Aliniambia, "Mama, stoo ile watu ingine nataka ya kilabu ya pombe. Wewe nataka ya watoto. Basi onyesha mimi watoto arobaini ya hapa hapa." Nikatoka nacheka. Watoto arobaini Bondeni si ni kama kuombwa nionyeshe nzi arobaini buchani?

Nilicheka mapema. Nani huku anayehesabu wanawe? Muulize mama yeyote, awe Mkikuyu, Mjaluo au Mnandi, una watoto wangapi. Atakuambia "wapo", au "wa kunitosha", halafu akuangalie kana kwamba umemtakia mabaya. Nikazunguka siku tatu na karatasi yangu, nikarudi nayo nyeupe. Ndipo nikachukua kamba ya mkonge nikasema: kila mama afunge fundo kwa kila mtoto, wala asitaje neno. Fundo si mtoto. Wakakubali. Nilipata mafundo arobaini na tisa.

Kisha malori ya serikali yakaja yakawachukua Wakikuyu wasio na pasi, kwa hii Hali ya Hatari. Wangare alipita mlangoni kwangu na wanawe watatu na sufuria moja, hata kuagana hatukuruhusiwa. Wengine pia walikwenda. Mafundo yao bado yako kwenye kamba, sina moyo wa kuyafungua. Nilipompelekea Bwana ile kamba, aliishika kwa vidole viwili kama mkia wa panya. "Mimi hapana taka kamba. Mimi nataka ona watoto." Anakuja Alhamisi tarehe ishirini, asubuhi, awaone kwa macho yake. Wakipungua arobaini, stoo ni ya pombe.

Ninao thelathini na tisa, mwanangu. Nimebisha kila mlango. Nakuomba uniazime Chelagat kwa siku mbili. Usiniambie si wa hapa. Kitovu chake kimezikwa uani kwangu, kando ya bomba la maji.

Wako mama,
Khamisa binti Darweshi


Bahati
Jumatano, 12 Mei 1954

Mama Khamisa,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikinuka maziwa. Funga njema, na Mungu akupunguzie ile baridi ya mguu.

Mama mkwe amekataa. Amesema watoto hawapangwi mstari wakahesabiwa, na kwamba hata ng'ombe, mwenye adabu huwajua kwa rangi zao, si kwa idadi. Ikipungua rangi moja zizini ataiona. Kimutai alimjibu kuwa huyu Mzungu wetu huhesabu ng'ombe wake kila jioni kwa kidole, na hawafi kuwashinda wetu. Wakazozana mpaka chai ikapoa. Tumbo langu limefika pahali siwezi kuona miguu yangu, na mtu wa hivyo hashindani na mtu.

Lakini asubuhi nikiosha madebe ya maziwa nilikumbuka. Nilipokuwa nachambua pareto mwaka ule, Chelagat alikuwa mgongoni mwako. Wewe hukuniuliza ni wa ngapi. Nikamwambia mama mkwe hivyo, akasema, "Basi mpeleke, lakini yule mtu asimnyooshee kidole." Kwa hiyo naye amekubali, kwa kununa.

Atakuja na Naftaly Jumanne, ataketi mbele. Nina maneno mawili tu. La kwanza, asihesabiwe kwa kidole. Mfungie fundo lake kwenye ile kamba, inatosha, na siku ya Bwana mweke mahali aonekane tu. La pili, maziwa usimpe. Tangu tuhamie huku hataki hata harufu yake, akipita karibu na debe anaziba pua. Mtoto wa mkamuaji! Kimutai anaona aibu kwa ng'ombe. Mpe uji, hata usio na sukari ataumaliza.

Anaongea sana. Ukichoka mwambie ahesabu kuku, hao hawana mwiko.

Mwanao,
Chepkemei


Bondeni, Nakuru
Jumamosi, 22 Mei 1954

Mwanangu Chepkemei,

Tumepata! Nakuandikia kabla sijafuturu, na njaa siisikii. Alhamisi, siku niliyozaliwa na niliyopewa jina lake, Bwana alikuja na karani. Akina mama walikuwa wamewaosha watoto mpaka wanang'aa kwa mafuta. Aliwapanga uani mstari mmoja, kutoka bombani hadi jikoni, akapita nao pole pole. Arobaini kamili. Alishangaa mwenyewe. Alidhani nilikuwa naongeza chumvi.

Chelagat alikuwa wa mwisho. Alisimama wima kama askari, amemshika mkono Peterson wa Akeyo asije akalia, maana yule mtoto alikuwa na mafua na machozi karibu. Kuhusu lile la kidole, usiwe na wasiwasi. Mambo yalikwenda vizuri.

Sasa kuna jambo. Bwana si mjinga. Amesema ameona watoto wa siku moja, na sasa anataka kuona kama ni watoto wa kila siku. Atarudi kati ya wiki mbili au tatu, na hatataja siku. Najua nilisema siku mbili. Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, nami nimeshampa ufagio, anafagia ua akiimba. Niachie Chelagat mpaka Bwana arudi. Na wewe upumzike ujifungue salama, bila mtoto wa kukukimbilia miguuni.

Usiku analala nami. Anapiga mateke. Amenifanya nisikie nyumba ina watu.

Wako mama,
Khamisa


Bahati
Alhamisi, 27 Mei 1954

Mama Khamisa,

Nimefurahi mpaka nimemsomea mama mkwe barua yako mara mbili. Ameuliza, "Kidole je?" Nikamwambia Mama Khamisa amesema mambo yalikwenda vizuri. Akasema, "Hilo si jibu." Nikamwambia mtu aliyefunga hasemi uongo.

Basi akae. Hapa nyumba imekuwa kimya, hata kuku wanashangaa. Kimutai akitoka kukamua anatazama pale mlangoni ambapo mtoto huketi, halafu anajifanya alikuwa akitazama mvua.

Namtumia gauni. Nimelishona kwa mfuko wa unga, nikalitia rangi ya buluu ile ya kufulia. Sikukuu yenu ikifika alivae, asionekane mnyonge mbele ya watoto wa mjini. Maandishi ya mfuko yamebaki kidogo mgongoni, mwambie asigeuke sana.

Mimi sasa ni siku tu. Mwambie Chelagat akirudi atakuta mtu wa kumuamrisha.

Mwanao,
Chepkemei


Bondeni, Nakuru
Ijumaa, 4 Juni 1954

Baba Chelagat,

Kimutai, barua hii nakuandikia wewe. Nimemwambia Naftaly akupe mkononi, zizini, asiifikishe nyumbani.

Chelagat ana surua. Homa ilianza Jumatatu. Nikadhani ni mafua. Jana, siku ya Idi, alivaa gauni lake la buluu, akala kaimati moja, akaomba alale. Jioni vipele vilitoka usoni na kifua kikaanza kukoroma. Nimempeleka hospitali, amelazwa, nami nimekaa naye sakafuni. Daktari anasema surua imemshukia kifuani.

Njoo. Usimwambie Chepkemei katika hali yake ile. Mwambie lolote. Njoo.

Khamisa


Bahati
Jumatano, 9 Juni 1954

Mama Khamisa,

Nilifika nyumbani Jumatatu jioni. Nilitembea, sikutaka lori. Udongo wa kaburi ulikuwa bado kwenye viatu nikaupangusa mtoni.

Nilimkuta Chepkemei ameshashikwa na uchungu. Alfajiri ya Jumanne akajifungua mtoto wa kiume. Wote wazima. Aliponiona jambo la kwanza aliuliza, "Umemwona Chelagat?" maana nilikuwa nimemwambia nakwenda mjini kwa ajili ya kipande changu cha kazi. Nilisema nimemwona. Sikudanganya, nilimwona.

Mama yangu nimemwambia. Hakulia mbele ya mkwewe aliyetoka kujifungua. Alitoka nje akakaa na ndama. Amesema Chepkemei asijue mpaka atoke ndani na mtoto ashike nguvu, kwa kuwa mzazi akipata msiba maziwa humkauka kifuani. Basi tumekubaliana mimi na mama. Chepkemei atakuandikia. Mjibu. Mwambie mtoto yuko. Nakuomba kama mtu anayeomba maji.

Ile Jumapili, aliposhika kidole changu hospitalini, alinijua? Ulikuwa umekaa upande wa uso wake. Niandikie hilo peke yake, karatasi nyingine.

Kimutai


Bahati
Jumatano, 16 Juni 1954

Mama Khamisa,

Nimepata mwana! Ana sauti ya fahali na usingizi wa mzee. Mama mkwe hataki nitoke nje, ananilisha mursik, maziwa yetu ya kibuyu, na supu mpaka nasikia ninavimba. Yeye mwenyewe amekuwa mpole ajabu. Hata hanigombezi. Jana alinichana nywele, kitu ambacho hajawahi tangu niolewe.

Kimutai ndiye simuelewi. Amepata mvulana, na amekaa kama mtu aliyepoteza ng'ombe. Nikimuuliza anasema ni kazi. Wanaume!

Niambie habari za binti yangu. Usiniambie "mzima" tu. Niambie anakula nini, anacheza na nani, gauni lilimwenea au lilimbana kwapani. Amejua kuwa ana ndugu? Alisema nini? Bwana wa ofisini amerudi? Kama amerudi, nitumie mtoto wangu na Naftaly. Nataka amshike huyu kabla hajawa mzito.

Mwanao,
Chepkemei


Bondeni, Nakuru
Jumapili, 20 Juni 1954

Mwanangu Chepkemei,

Hongera sana, sana. Mungu amkuze huyo mwana, ampe macho ya baba yake na moyo wako.

Gauni lilimwenea vizuri. Siku ya Idi watoto wote walimtazama. Hakugeuka. Nilimwambia habari ya ndugu yake, akafurahi. Anacheza na Peterson na watoto wa huku mbele. Anakula vizuri, mwili umejaa. Asubuhi nampa maziwa kikombe kizima anakunywa yote, hakibaki kitu. Usiwe na wasiwasi naye.

Bwana alirudi Jumanne. Siku hiyo nilikuwa na watoto wengi kuliko hata alivyotaka, maana habari zimeenea na akina mama wa mtaa wa Shauri Yako wameanza kuleta wao, ingawa hao karani anasema ni wa orodha ya baadaye. Hakuhesabu tena. Alisoma karatasi yake, akasema, "Arobaini. Nasari napata." Stoo ni yetu. Wataweka madirisha, nasi tutafungua mwisho wa Julai.

Naona heri Chelagat akae kidogo tu, mpaka ufunguzi. Wewe lea mwanao kwanza.

Wako mama,
Khamisa


Bahati
Jumapili, 27 Juni 1954

Mama Khamisa,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma mara tatu.

Nimefurahi mmepata stoo. Umeteseka nayo. Nimefurahi pia kwamba mtoto anakunywa maziwa na kikombe hakibaki kitu. Basi amekua.

Usimharakishe kurudi. Akae huko alipo.

Mtoto huyu ananyonya vizuri. Tumemwita Kiprono, kwa kuwa alizaliwa saa ambazo mbuzi walikuwa wakirudi na kulia, lakini mama mkwe anasema ilikuwa alfajiri na mbuzi walikuwa wamelala, kwa hiyo jina huenda likabadilika. Mvua ni nyingi. Madebe nimeanza kuyaosha tena, wanasema ni mapema, lakini mikono inataka kazi.

Mwanao,
Chepkemei


Bondeni, Nakuru
Jumapili, 1 Agosti 1954

Chepkemei,

Nimekaa na karatasi hii tangu kupambazuka. Kimutai ameniandikia kwamba sasa niseme, kwamba yeye kila akifungua kinywa kinajifunga. Ameniachia mimi, na ni haki.

Chelagat hayupo. Alifariki Jumapili, tarehe sita Juni, saa nne asubuhi, kwa surua. Baba yake alikuwepo. Mtoto alishika kidole cha baba yake na alimjua. Nilimwosha mimi, tukamzika Jumatatu na gauni lake la buluu. Yote niliyokuandikia baada ya hapo ni uongo, kila neno, na niliandika uongo huo kwa mkono uliomwosha.

Sasa sikiliza la pili, ambalo hata Kimutai halijui. Ile Alhamisi Akeyo alimleta Peterson macho mekundu, pua inachuruzika, mwili moto. Mimi nimelea watoto miaka ishirini. Najua surua kabla vipele havijatoka. Nilisimama pale mlangoni nimemshika mtoto yule, nikahesabu waliokwisha kuja. Nikimrudisha, ninabaki na thelathini na tisa. Nilimpangusa uso kwa upindo wa kanga nikamweka mwishoni, kwenye kivuli, asionekane macho. Akaanza kulia. Nikamwambia Chelagat, "Mshike mkono, mwanangu." Akamshika. Hakumwachia mpaka Bwana alipoondoka.

Na kidole pia. Bwana aliwagusa kichwani kwa penseli, mmoja mmoja, akihesabu kwa sauti. Wa mwisho alikuwa wako. "Arobaini," akasema, na Chelagat akacheka kwa kuwa penseli ilimtekenya. Nilikuahidi, nikatazama pembeni. Mama mkwe wako akisema ni kidole kilichomwua, sitabishana naye. Mimi najua ni mkono wangu.

Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nilichuma, mkala ninyi. Peterson alipona. Yuko hapa, mnene, anakimbia. Kila akiniita Bibi naingia jikoni.

Nasari ilifunguliwa Jumatatu. Madirisha manne, mikeka, na vikombe arobaini vya bati, kila kimoja na msumari wake ukutani. Kwenye daftari la Bwana jina lake liko mwisho, Chelagat binti Kimutai, wa Bondeni. Asubuhi karani akiliita watoto hunitazama, nami husema, "Amekwenda kwao." Kikombe chake hakijashuka msumarini. Siwezi tena. Nimeazimia kwenda ofisini niseme wa arobaini hakuwa wa hapa, na kwamba amekufa, walifute jina, na kama ni kufunga stoo waifunge. Nitafungua na fundo lake. Lakini sikuweza kufanya hivyo kabla hujaambiwa wewe.

Sikuombi msamaha. Nimetaka tu ujue nani.

Khamisa binti Darweshi


Bahati
Jumanne, 10 Agosti 1954

Mama Khamisa,

Nilijua.

Nilijua tarehe ishirini na mbili Juni, saa Naftaly aliponipa barua yako na kugeuza uso. Nikaifungua pale pale kwenye madebe. Uliposema anakunywa maziwa kikombe kizima, nikakaa chini kwenye maji. Mtoto yule angeweza kukunywia dawa ya ng'ombe, lakini si maziwa. Nikajua hayupo na kwamba hukuweza kusema.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nilimwangalia Kimutai akitembea na siri ile kama mtu aliyebeba debe limejaa, anaogopa hata kugeuka. Mama mkwe akinichana nywele. Nikaona wanafanya hivyo ili nisilie, na kama nikilia kazi yao yote imekuwa bure. Na nilisema pia, nikiuliza nitaambiwa, na nikiambiwa itakuwa kweli. Kwa hiyo nilimnyonyesha huyu mdogo nikijua. Wiki saba. Mwambie yeyote anayeuliza kwamba maziwa hayakukauka. Nilikasirika kwamba hayakukauka.

Barua yako ilipofika nilimpa Kimutai aisome, ndipo tukalia, wote watatu, siku nzima, hata jioni ng'ombe walikamuliwa kwa kuchelewa na Mzungu akaja kuuliza. Mama mkwe hajasema neno juu ya kidole. Alisema tu, "Alimshika mwenzake mkono," akarudia, "alimshika mwenzake mkono." Nadhani anataka kulikumbuka hilo badala ya lile lingine.

Sijakusamehe. Nitakusamehe, lakini si mwaka huu. Nilipofika pale uliposema ulihesabu mlangoni, nilichana ile karatasi, kisha nikaiokota vipande vipande nikaiunganisha kwa uji wa unga, maana ndiyo karatasi pekee inayosema siku zake za mwisho. Ulijua ni surua, Mama Khamisa. Ulijua. Nami ningekuwa nimesimama pale mlangoni, wakati stoo inakwenda kwa pombe na Akeyo ameshika kufuli yake, sijui ningefanya nini. Nachukia kwamba sijui.

Sasa nakuamuru, na wewe ni mkubwa kwangu lakini katika hili utanisikiza. Usiende ofisini. Walimpanga mstari wakamhesabu, kitu ambacho kwetu hakifanywi, na kikishafanywa hakifutwi. Mtoto wangu ni wa arobaini. Ukimtoa watabaki thelathini na tisa, nao watafunga, na Peterson atafungiwa tena na jiko. Hapo nitakuwa nimempeleka bure. Lile fundo usilifungue, kama usivyofungua ya Wangare.

Na usiseme tena amekwenda kwao. Kwao ni hapa, na hayupo hapa. Karani akiliita jina, mwambie ukweli au nyamaza.

Mavuno yakiisha nitakuja na huyu mdogo. Utanipeleka kaburini, halafu nitarudi na lori la jioni. Sitalala kwako. Usinisihi.

Naftaly ameniambia kuwa madebe mawili ya kila asubuhi sasa yanashushwa nasari. Hayo nimeyaosha mimi. Kile kikombe kisikae ukutani kikishika vumbi, kitelemshe umpe mtoto yeyote aliyekuja bila kuandikwa. Lakini wengine wakitiliwa maziwa, chake kitieni uji. Maziwa hapendi.

Chepkemei